Mgonjwa wa MS, usilipie kupanuliwa mishipa ya shingo

Bado wanakuja kliniki wagonjwa wa MS, yaani sklerosisi nyingi, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, wakiwa na majibu ya ultrasaundi ya shingo na swali moja: "Daktari, nikizibuliwa huu mshipa nitapona?" Hapana, na mgonjwa ana haki ya kujua kwa nini.

Mwaka 2009 Paolo Zamboni wa Chuo Kikuu cha Ferrara, Italia, daktari ambaye mkewe mwenyewe ana MS, alieleza kwamba vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, za shingo na kifua za wagonjwa hawa zimebana, damu haitoki vizuri kichwani, na madini ya chuma hujikusanya na kuudhuru ubongo. Akapendekeza mshipa upanuliwe kwa katheta, yaani mrija mwembamba, yenye puto. Wagonjwa wengi, hasa wa Kanada, walifunga safari kwenda nchi za mbali kulipia tiba hiyo.

Sasa tazama mshipa wenyewe. Vena ya jugula, ile kubwa ya shingoni, ina ukuta laini sana. Ukilala hujaa damu. Ukiinuka hunywea, na damu ikashukia vena za uti wa mgongo. Ukigeuza shingo, au mpimaji akikandamiza kifaa kidogo tu, itaonekana imebana. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2013 ulikuta vena zilizobana zaidi ya nusu kwa asilimia 74 ya wagonjwa wa MS, na kwa asilimia 70 ya watu wasio na ugonjwa huo.

Matokeo ya jaribio la Kanada lenye wagonjwa 104 yalitoka 2017. Baadhi walipanuliwa kweli, wengine waliingizwa katheta tu, wote wasijue nani kapata nini. Hapakuwa na tofauti. Mwaka huohuo jaribio la Zamboni mwenyewe likaonyesha vivyo hivyo, naye akalichapisha. Kwa hilo tunamheshimu. Waliosema wamepata nafuu hawakudanganya: MS ina vipindi vya kupanda na kutulia yenyewe.

Madhara yapo. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vifo, damu kuganda na stenti, yaani vimrija vinavyowekwa kuuacha mshipa wazi, zilizohama hadi moyoni.

MS ni kinga ya mwili kushambulia utando wa nyuzi za fahamu, na dawa za kuidhibiti zipo. Usiziache. Kama tayari umewekewa stenti, usikatishe dawa ya kuzuia damu kuganda kwa uamuzi wako. Mwone daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, ukiwa na karatasi zote ulizopewa huko ulikotibiwa.