PCPA haiui seli za serotonini, jamani

Kila ikitajwa PCPA lazima atokee mtu aseme ni sumu inayoua seli za serotonini (ile kemikali ya kupitishia ujumbe kati ya seli za neva), mwingine anadakia kwamba inaziba vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea serotonini, na wote wawili wanaongea kwa kujiamini kweli. PCPA ni kifupi cha paraklorofenilalanini, kemikali ya maabara wanayopewa wanyama wa utafiti, panya hasa, ili serotonini yao ishuke watafiti waone nini kinabadilika. Koe na Weissman wa Pfizer ndo walioonyesha kazi yake hiyo mwaka 1966. Maana yake ndo hiyo, haina makuu.

Sasa inashushaje? Mwili unatengeneza serotonini kutoka kwenye triptofani, ile asidi amino inayokuja na chakula, kwa hatua mbili: kimeng'enya cha kwanza, triptofani haidroksilesi, kinaigeuza kuwa 5-HTP, afu kimeng'enya kingine kinaimalizia kuwa serotonini. PCPA inamvaa huyo wa kwanza na akishaharibika ndo basi, mpaka seli itengeneze kipya. Serotonini iliyokuwepo tayari haiguswi, inaendelea kutumika na kuvunjwavunjwa kama kawaida, ila hakuna mpya ya kuziba pengo, yaani kama tenki limefungiwa maji ya kuingia huku watu wanaendelea kuchota. Ndo maana haishuki papo hapo, kwenye ubongo wa panya inachukua kama siku mbili tatu kufika chini kabisa, afu inaanza kupanda yenyewe taratibu, wiki moja mbili hivi. Seli iliyokufa ingepandisha nini?

Halafu kuna wale paka wa Jouvet, mtafiti wa usingizi kule Ufaransa. Walipewa PCPA wakakosa usingizi, wakachomwa 5-HTP kidogo, wakalala. Hapo unaona kabisa kilichozibwa ni hatua ya kwanza tu, maana 5-HTP inaingia baada ya hiyo hatua na hatua iliyobaki inafanya kazi vizuri (mambo ya usingizi na serotonini yenyewe yalikuja kuwa magumu kuliko yalivyoonekana wakati ule, ila hayo mengine).

Inayoua nyuzi za neva za serotonini ni sumu nyingine, 5,7-DHT, tena hiyo inachomwa ndani ya ubongo. Reserpini, dawa nyingine, nayo inamaliza serotonini, lakini kwa kuzuia isihifadhiwe kwenye vifuko vyake, na inaondoka na kemikali nyingine za ujumbe, dopamini na noradrenalini, pia. Hizo tatu watu wanazichanganya kwa sababu mwisho wa siku vipimo vya serotonini vyote vinasoma chini, wakati njia ni tofauti kabisa na matokeo ya jaribio huwezi kuyasoma sawa.

Kwa hiyo ukitaka kuisema kwa ufupi, sema PCPA inazuia serotonini isitengenezwe, inatosha kabisa. Na yule ndugu wa vipokezi, nadhani anayoitafuta ni kitu kama ketanserini, dawa inayoziba vipokezi vya serotonini kweli.