1 Petro 2:24 haikuandikwa kumshitaki mgonjwa

"Ukiona Mkristo anateseka, ujue kuna mlango ameuacha wazi." Kauli hii naisikia redioni, kwenye mikesha, kwenye makundi ya WhatsApp, na mbaya zaidi naisikia kando ya vitanda vya wagonjwa. Mlango wenyewe hutajwa: dhambi ya siri, madhabahu za ukoo, sadaka iliyozuiliwa, imani haba. Kisha unaletwa mstari wa kupigilia msumari: "na kwa kupigwa kwake mliponywa." Yaani uponyaji ulishalipiwa, uko tayari, na anayeukataa ni mgonjwa mwenyewe.

Waraka huu wa kwanza wa Petro nimeufundisha chuo cha Biblia, na sehemu kubwa ya wiki yangu inaishia wodini. Nasema bila kuzungukazunguka: mstari huo ukitumiwa hivyo, umeporwa.

Rudi nyuma hadi aya ya 18. "Enyi watumishi, watiini bwana zenu kwa hofu nyingi, sio wao walio wema na wenye upole tu, bali nao walio wakali." Hao ni watumwa wa nyumbani, mali ya mtu. Bwana aliruhusiwa kuwachapa, nao kwa kawaida hawakuwa na pa kushitaki. Aya ya 20 inataja kupigwa makofi waziwazi. Petro hawaahidi kwamba wakiwa na imani bwana mkali atalainika, wala kwamba kesho fimbo haitainuliwa. Anawaonyesha Mwingine aliyepigwa bila kosa, ambaye "alipotukanwa, hakurudisha matukano." Halafu anawaambia watu wenye alama za fimbo mgongoni kwamba kwa kupigwa kwake huyo wamepona. Wamepona nini, ikiwa kesho watapigwa tena? Aya ile ile inajibu: "tuwe hai kwa mambo ya haki." Na inayofuata inasema walikuwa wakipotea kama kondoo, sasa wamemrudia Mchungaji. Aliyepotea amerudishwa; aliyetendewa ubaya hakugeuka kuwa mbaya. Huo ndio uponyaji anaousema Petro hapo.

Ndiyo maana nakereka. Maneno yaliyosemwa kumwinua aliyepigwa, leo yanatumika kumpiga.

Na si aya hiyo tu. Waraka mzima unaelekezwa kwa waamini wa Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, maeneo yaliyomo katika Uturuki ya leo, watu waliosengenywa na majirani na kutengwa. Tumaini lao, katika 1:3, Petro analifunga kwenye kufufuka kwa Yesu, halitegemei hali kubadilika. Katika 4:12 anawaambia wasione kuwa ni ajabu msiba unaowapata kama moto. Anayehubiri kwamba mateso ni ajabu kwa mwamini anahubiri kinyume cha Petro huku ameshika waraka wa Petro mkononi.

Karibu mwaka 112, gavana wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, Plinio Mdogo, alimwandikia Kaisari Trajano akiuliza Wakristo awafanyeje. Barua ipo hadi leo. Anaeleza kwamba walikutana kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama mungu, wakajifunga kwa kiapo wasiibe, wasizini, wasikane amana wanapodaiwa. Ili apate ukweli zaidi, aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu katika kanisa. Majina yao hakuyaandika. Sasa nauliza: hao waliacha mlango gani wazi? Kama utakatifu ungekuwa kinga ya mateso, wao wangekingwa kabla yetu.

Kwenye utakatifu sitakaa sana. Petro anataka tuwe watakatifu "katika mwenendo wenu wote," na wote ni pamoja na kitandani: namna unavyomjibu muuguzi wa zamu ya usiku, namna unavyomtazama mgonjwa wa jirani anayeruhusiwa kwenda nyumbani wewe ukibaki. Na kusema kweli. Kumlazimisha mtu akiri "sina sukari" huku kipimo kimepanda ni kumfundisha uongo kwa jina la Bwana.

Kuna mama mmoja aliletwa na kidonda kilichoanzia kidole gumba cha mguu na kupanda hadi kwenye kifundo. Alikuwa ameacha insulini, kwa kuwa aliambiwa kuendelea kujidunga ni kutoamini. Juu ya kabati la kando ya kitanda palikuwa na chupa ya mafuta ya upako imeviringishwa gazeti. Hakunilalamikia maumivu. Alisema, "Mchungaji, nisaidie kukumbuka nilikosea wapi." Alikuwa ameshatubu kila kitu, hata ugomvi wa utotoni na dada yake juu ya khanga. Kidonda kilikuwa kinamla mguu na swali lilikuwa linamla roho, na swali hilo lilipandwa na watu waliokuja kumwombea.

Nilimsomea Yohana 9, pale wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, na Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Nikamkumbusha kwamba Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na kwamba Timotheo alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa ya mara kwa mara. Hakuambiwa akiri kwamba ni mzima. Sindano za mama yule zilirudi. Rafiki za Ayubu nao walianza vizuri: siku saba walikaa naye chini, kimya. Walipofungua vinywa kutafuta kosa lake, Mungu aliwakasirikia.

Yapo yanayonisumbua, na sitayaficha. Mathayo 8:17 inaichukua Isaya 53, sura ile ile anayoitumia Petro, na kuitumia kwa magonjwa ya mwili kabisa: "Mwenyewe aliutwaa udhaifu wetu, na kuyachukua magonjwa yetu." Kwa hiyo wanaoona uponyaji wa mwili katika msalaba hawajaubuni. Na Yakobo 5:15 inasema kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa, bila "huenda." Nimeshika mafuta, nimeomba kwa imani yote niliyo nayo, wengine wameinuka, wengine nimewazika. Maelezo ya vitabuni kwamba Yakobo anasema juu ya ufufuo nayajua, na hayaniridhishi. Naendelea kupaka mafuta na kuomba, kwa sababu nimeagizwa. Ninachokataa ni kumtupia marehemu lawama ya ombi langu ambalo sikuliona likijibiwa.

Jambo la pili linanisumbua zaidi. Nikisoma sura ya 2 jinsi ilivyo, yuko anayesikia: vumilia kipigo. Na sura ya 3 inaanza na "Kadhalika ninyi wake." Wapo wanawake waliorudishwa kwa waume wanaowavunja mbavu kwa aya hizi, na waliowarudisha ni wazee wa kanisa. Petro aliwaandikia watu ambao kwa wengi wao mlango wa kutokea haukuwapo. Mlango ukiwapo, Maandiko hayaufungi. Paulo alipokuwa karibu kupigwa mijeledi alidai haki yake ya uraia wa Rumi, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Petro mwenyewe alitoka gerezani usiku, hakujirudisha kesho yake ili astahimili vizuri. Je, Petro angeiandikaje sura hiyo kama wasomaji wake wangekuwa na mahakama? Najiuliza hilo kila ninapoifundisha, na jibu kamili sina.

Nafanya hivi: akija mwanamke amevimba jicho, akaniuliza kama kuvumilia ndio utakatifu, Biblia inabaki imefungwa kwanza. Tunakwenda hospitali, tunachukua PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa, tunapita dawati la jinsia polisi, tunatafuta mahali salama atakapolala na watoto. Petro tunamsoma baadaye, yeye akitaka, na tunaanzia sura ya 1.