Shilingi ya Waziri na Asilimia 65 ya Korosho

Kila Juni, wakati mikorosho ya Newala na Tandahimba inachanua na kila kaya inahangaikia salfa, ile dawa ya unga ya kupuliza mikorosho, Dodoma wanajadili bajeti. Ndipo simu yangu inapokosa usingizi. Wenyeviti wa vyama vya msingi vya ushirika, vijana wa bodaboda, hata shemeji zangu, wote wananitumia vipande vya video: mbunge wetu kasimama, kamkazia waziri macho, wenzake wanagonga meza. Swali huwa lile lile: "Mzee, sasa hiyo hela inashuka lini?"

Mara nyingi haishuki. Si kwamba mbunge kadanganya. Ni kwamba mahali alipozungumzia sipo fedha zinapoamuliwa. Nilikuwa afisa mipango wa halmashauri huku kusini mpaka nilipostaafu, kazi ambayo nusu yake ni kuandika makadirio na nusu nyingine ni kusubiri ulichokadiria. Nitaeleza kwa mfano ambao kila mtu wa Mtwara na Lindi anaukumbuka: ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, na kilichotokea bungeni Juni 2018.

Tuanze na ushuru wenyewe. Korosho ghafi ikitoka nchini hutozwa asilimia 15 ya bei yake ikishapakiwa melini, au dola 160 za Marekani kwa tani, kile kilicho kikubwa. Tani ikiuzwa dola 2,000, ushuru ni dola 300. Ikianguka mpaka dola 1,000, asilimia 15 ni dola 150 tu, kwa hiyo kinatumika kile kiwango cha 160. Lengo lililotajwa tangu mwanzo ni kumfanya mnunuzi aone afadhali abangue hapa hapa kuliko kubeba korosho na maganda yake kwenda India au Vietnam. Viwanda vya kubangua vimebaki vichache, lakini ushuru umekuwa ukiingiza fedha vizuri tu.

Anayeulipa kwa karatasi ni msafirishaji. Chukua hati ya malipo ya mkulima kutoka chama cha msingi uisome: kilo, daraja, bei ya mnada, halafu makato ya chama, chama kikuu, ghala, usafirishaji, halmashauri. Ushuru wa kuuza nje hautauona. Usidhani basi mkulima haulipi. Mnunuzi anapopanga bei ya kutoa mnadani, ameshapiga hesabu ya dola zitakazomtoka bandarini Mtwara, na ameziondoa kwenye bei ya kilo kabla hujamwona. Ndiyo maana watu wa kusini wanapousema ushuru huu kama fedha yao, mimi kama mtu wa mahesabu siwaoni wanakosea.

Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009, baada ya kufanyiwa marekebisho, iliugawa ushuru huo hivi: asilimia 35 Mfuko Mkuu wa Hazina, asilimia 65 mfuko wa kuendeleza zao. Kwenye ile 65 ndimo zilimotegemewa fedha za pembejeo, za utafiti kwenye kituo cha Naliendele, za miche mipya, na za kuiendesha Bodi ya Korosho. Katiba inaruhusu mpangilio wa namna hii. Ibara ya 135 inasema mapato ya serikali yaingie Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyataja kuwa ni ya shughuli maalumu au ya mfuko mwingine. Neno "sheria" hapo ndilo la kushikilia. Mgawo ukiondolewa kwenye sheria, fedha inarudi kwenye mfuko mkuu, na ikishaingia humo haina kabila wala mkoa.

Hilo ndilo lililofanyika 2018. Serikali ilileta Muswada wa Sheria ya Fedha wenye kifungu cha kurekebisha Sheria ya Korosho ili ushuru wote, asilimia mia, uende Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walikuja juu, bila kujali chama. Nape Nnauye wa Mtama alikuwa miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa. Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti wakati ule alikuwa Hawa Ghasia, mbunge wa Mtwara Vijijini, na kamati yake ilipinga mabadiliko hayo. Tafakari hapo: mtu wetu ameketi kwenye kiti kikubwa kuliko vyote katika kamati zinazohusika na bajeti, kamati imeandika maoni yake, ukumbi umechafuka, na bado kifungu kikapita.

Kimepitaje? Hapa ndipo wengi huona njama, nami naona zaidi kanuni.

Kwanza, Ibara ya 99 ya Katiba. Bunge haliruhusiwi kushughulikia jambo la kutoza kodi au kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka Rais apendekeze na waziri alete. Mbunge anaweza kupendekeza kupunguza, kuongeza hawezi. Ukilielewa hili utaelewa ule mchezo wa kushika shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia fungu moja baada ya jingine, mbunge asiyeridhika anatishia kuondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri. Hawezi kusema "ongezeni bilioni kumi za salfa". Anachoweza ni kupunguza, basi anapunguza shilingi moja ili apate nafasi ya kumbana waziri ajieleze. Waziri akijibu vizuri, au Spika akisema muda umekwisha, mbunge anarudisha shilingi. Vifungu vinavyobaki vinapitishwa kwa mkupuo. Kwenye video unaona vita. Kwenye kitabu cha makadirio hakuna tarakimu iliyosogea.

Pili, Muswada wa Sheria ya Fedha ni kapu. Humo ndani mna marekebisho ya sheria nyingi kwa pamoja. Ule wa 2018 ulikuwa na kifungu cha korosho, lakini pia ulikuwa na msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa taulo za kike, jambo ambalo wabunge wengi, hasa wanawake, walikuwa wamelipigania. Mbunge wa Kilimanjaro au Simiyu anaulizwa akubali au akatae kapu zima. Kwa nini alikatae kwa ajili ya mikorosho ambayo kwao haioti?

Tatu, na hili watu huwa hawalisemi hadharani, kuna Ibara ya 90. Bunge likikataa kupitisha makadirio ya matumizi ya serikali, Rais anapata uwezo wa kulivunja. Kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa jina, mmoja mmoja, ndiyo au hapana, na jina lako linaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Ukiongeza nidhamu ya chama juu yake, utaelewa kwa nini mbunge anaweza kuishambulia serikali dakika zake zote, kengele ya pili ikalia, akamalizia kwa "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja". Mimi hilo silipendi, lakini siwezi kujifanya silielewi.

Hoja ya serikali nayo isikilizwe. Hazina yoyote duniani haipendi mifuko iliyofungwa. Kila zao likiwa na mfuko wake, kila wizara ikiwa na tozo yake, waziri wa fedha anabaki na kapu dogo la kulipia mishahara, madeni na dawa za hospitali. Dkt. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alikuwa na bajeti ya shilingi trilioni 32.5 mkononi na msimamo wake ulikuwa kwamba mahitaji ya korosho yapangwe kama ya mazao mengine, kupitia Wizara ya Kilimo. Kinadharia sina ugomvi naye. Tena nitasema jambo ambalo halitawafurahisha majirani zangu: usimamizi wa fedha za zao hili huku kwetu haujawahi kuwa wa kujivunia. Fedha ya mkulima imeliwa kwenye vyama tulivyovichagua wenyewe, kwenye mikutano tuliyohudhuria na kusaini posho.

Ugomvi wangu uko kwingine. Hata kabla ya kifungu kile kubadilishwa, ile asilimia 65 ilikuwa haifiki. Wabunge walikuwa wakidai malimbikizo yanayozidi shilingi bilioni 200. Yaani sheria ilikuwa inasema, ushuru ulikuwa umekusanywa, na fedha zilikuwa zimekaa Hazina. Kwangu hili ni zito kuliko mabadiliko ya Juni. Kubadilisha sheria ni haki ya Bunge, hata likikosea. Kutotekeleza sheria iliyopo si haki ya mtu yeyote. Na mjadala wenyewe ulichanganya mambo haya mawili, kiasi kwamba swali la malimbikizo lilimezwa na kelele za swali la mgawanyo. Ningekuwa mbunge wa kusini siku ile, ningeliacha kapu lipite na kung'ang'ania malimbikizo peke yake, maana hapo serikali haikuwa na Ibara ya 99 ya kujifichia.

Halafu kuna suala la muda. Sheria ya Fedha huanza kutumika Julai 1. Mkorosho hausubiri mwaka wa fedha. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unashambulia maua wakati wa baridi, Mei mpaka Julai na kuendelea, na salfa lazima ipulizwe kwa awamu, alfajiri, majani yakiwa bado na umande. Ukienda shambani saa kumi na moja utamkuta kijana kafunga kanga usoni, mashine mgongoni, vumbi la njano limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mwaka 2017 salfa iligawiwa bure. Ukiiondoa fedha ya pembejeo mwezi Juni, hata ukiahidi kuirudisha kwa njia ya wizara, umeiondoa wakati kijana yule tayari yuko shambani. Wizara mpaka iandae mpango, itangaze zabuni, ilipe, maua yameshakuwa meusi.

Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Msimu uliofuata zilikuwa kama tani 225,000. Sisemi kifungu cha Sheria ya Fedha ndicho kilichokausha tani zote hizo. Kuna hali ya hewa, kuna magonjwa, na kuna vurugu za soko la mwaka ule. Novemba 2018 wanunuzi walitaka kununua kwa bei ya chini, Rais Magufuli akawaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, kisha serikali ikatangaza itanunua yenyewe korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja na malori. Wengi hapa walishangilia, nami siwalaumu. Lakini fanya hesabu ya bajeti: tani 200,000 kwa bei hiyo ni shilingi bilioni 660. Hilo halikuwamo kwenye mjadala wa Juni. Bunge lilitumia siku nyingi kubishania bilioni 200 za ushuru, na miezi mitano baadaye matumizi makubwa zaidi ya mara tatu yakaamuliwa nje ya ukumbi ule. Wakulima waliosubiri malipo yao mpaka mwaka uliofuata, huku uhakiki wa mashamba ukiendelea na kangomba, yaani walanguzi wa korosho, wakisakwa, wanajua gharama ya fedha ambayo haikupangwa.

Miaka ya karibuni mambo yametulia kiasi. Pembejeo za ruzuku zimerudi, uzalishaji umepanda mno, na msimu wa 2024/25 tulivuka tani 500,000. Lakini utaratibu wa bajeti ni ule ule, na kila Juni njia ya fedha inaweza kuguswa tena.

Kwa hiyo ukinitumia video ya mbunge mwaka huu nitakujibu kwa maswali. Je, amependekeza marekebisho kwa maandishi kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha, au amechangia tu? Marekebisho yana jedwali, lina jina lake na kifungu anachotaka kibadilike. Likiwepo, naomba unitumie hilo badala ya video. Anazungumzia Fungu 43, ambalo ni Wizara ya Kilimo, au Fungu 80 la Mkoa wa Mtwara, au 76 la Lindi? Salfa haiko kwenye fungu la mkoa, kwa hiyo anayeidai huko anapiga hodi nyumba isiyo yake. Na muhimu kuliko yote, fedha iliyoidhinishwa mwaka jana kwa kazi hiyo hiyo, imetolewa kiasi gani mpaka sasa? Waziri kila mwaka husoma taarifa ya utekelezaji mwanzoni mwa hotuba yake, zile kurasa ambazo wengi wanazipita wakitafuta mipango mipya. Kaa nazo hizo. Ukikuta kilichoidhinishwa ni bilioni kumi na kilichotolewa ni tatu, umeshapata swali la kumuuliza mbunge akija kwenye mkutano wa chama cha msingi, na hilo hawezi kulijibu kwa kusema alishika shilingi.