Saratani ya ala ya neva ndani ya mfupa hutambuliwaje?

Neva na mfupa zinakutana wapi?

Kila neva imevikwa ala, na ndani ya ala zimo seli za Schwann. Seli hizo zikigeuka saratani, uvimbe huota kwa kawaida kwenye nyama laini. Kuanzia mfupani ni nadra mno, na hapo taya la chini ndilo hutajwa zaidi, kwa kuwa neva hupita katikati yake. Mara nyingine uvimbe huanzia nje ukaula mfupa.

Dalili zake?

Maumivu yasiyolala hata usiku, uvimbe unaokua upesi, ganzi. Mdomo wa chini ukifa ganzi na hujang'oa jino wala kuumia, usingoje.

Nani yuko hatarini zaidi?

Karibu nusu ya wagonjwa wana NF1, ugonjwa wa kijeni wenye mabaka ya rangi ya kahawa na vinundu mwilini. Kwa hiyo daktari atakagua ngozi yako yote hata kama umelalamikia taya tu. Waliowahi kutibiwa kwa mionzi nao wamo.

Eksirei haitoshi?

Haitoshi. Huonyesha mfupa ulioliwa, lakini usaha na saratani nyingine huula mfupa vivyo hivyo. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha kama uvimbe umeshikana na neva. CT ya kifua, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka, huongezwa kwa sababu mapafu ndiko saratani hii hukimbilia.

Mbona majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachokatwa ili kipimwe, huchelewa?

Kwa sababu chini ya hadubini seli zake ni ndefu na nyembamba, zimechongoka ncha mbili, na sarkoma kadhaa (saratani za nyama laini na mifupa) zina sura hiyohiyo, hata melanoma, saratani ya ngozi. Mtaalamu wa patholojia hupaka rangi maalumu. S100, protini ya seli za Schwann, mara nyingi huonekana kidogo, au isionekane kabisa. Alama ya H3K27me3, iliyo ndani ya kiini cha seli, ikipotea yote, shaka huelekea kwenye ala ya neva, ingawa haihukumu peke yake. Sarkoma ya sinovia, mojawapo ya zinazofanana nayo, huondolewa kwa kutafuta muungano wa jeni SS18 na SSX. Kuomba mtaalamu wa pili aitazame sampuli si kumdharau wa kwanza. Kwa ugonjwa adimu hivi, mimi ningeomba.

Kukata kinyama hakutasambaza saratani?

Hofu hii ni ya wengi. Tatizo ni kutoboa ovyo. Daktari atakayekufanyia upasuaji ndiye apange sindano ya kuchukua kinyama ipite wapi, maana njia yake huenda ikakatwa pamoja na uvimbe.