Inveta inapovuruga redio na sensa, angalia waya kabla ya fimbo ya ardhi

Wenye mashine za kukoboa mpunga na visima vya maji hapa Tabora wanazidi kufunga inveta, kifaa kinachoendesha mota kwa kurekebisha kasi yake, na wana sababu: mota inaanza taratibu, mkanda unadumu, na mota ya fezi tatu inazunguka hata penye fezi moja. Malalamiko huja baadaye. Redio ya mawimbi ya kati inanguruma, na kipimo cha tanki kinaruka kutoka nusu hadi kujaa bila tone kuongezeka.

Mafundi wengi hukimbilia kuchimbia fimbo nyingine ya ardhi, na kiangazi huimwagia maji ya chumvi. Fimbo ni lazima kwa usalama wa watu, lakini kelele hii ya umeme haiondoki kwa fimbo.

Inveta hukatakata umeme mara 2,000 hadi 16,000 kwa sekunde, na kila mkato hupanda ghafla, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa kila mkato, umeme kidogo huvuja kwenye ganda la mota. Umeme huo hautafuti udongo, unatafuta kurudi kwenye inveta ulikotoka. Ukikosa njia fupi hupita kwenye bomba, nondo au waya wa sensa, yaani kihisi kama cha kipimo cha tanki.

Njia hiyo fupi ni kebo ya mota yenye wavu wa shaba. Kwangua rangi pale utakapobana, kisha ubane wavu mzunguko mzima kwa klampu ya chuma, upande wa inveta na upande wa mota. Mara nyingi nakuta kebo nzuri, ya bei, wavu wake umesokotwa kama mkia na kufungwa kwenye skrubu moja. Inaniuma, kwa sababu mkia wa sentimita chache tu unapoteza sehemu kubwa ya faida ya kebo hiyo. Kebo ya sensa ikae mbali, sentimita 30 au zaidi. Ikilazimika kuvuka ya mota, zipishane kama msalaba.

Usiye na fedha ya kebo, anza na menyu ya inveta: shusha mikato, mathalani kutoka 12,000 hadi 4,000. Mota italia zaidi, ila kelele ya umeme hupungua bure. Kikuku cha feraiti, pete nyeusi inayozuia kelele ya umeme, pia husaidia: nyaya tatu za mota zipite humo kwa pamoja, waya wa ardhi ubaki nje.

Filta ya kelele ifungwe upande umeme unakoingia. Ukiiweka upande wa mota unaweza kuunguza inveta. Na kama shida yako ni swichi ya kinga inayokata kwa umeme kuvuja, filta inaweza kuizidisha. Kwanza fupisha kebo ya mota.

Kabla ya kufungua kifuniko, zima umeme, subiri angalau dakika 10, au zaidi kibandiko kikisema hivyo, kisha pima kwa mita. Kapasita, yaani vihifadhi umeme, za inveta ya volti 400 hubeba zaidi ya volti 500, na hubaki nazo hata taa zote zikiwa zimezimika.