Hakuna kisiwa cha plastiki Pasifiki
Wengi tumesikia kuwa kati ya Hawaii na California kuna kisiwa cha taka za plastiki, kiasi cha mtu kutembea juu yake. Hakipo. Lipo eneo la bahari, takriban kilomita za mraba milioni 1.6 kwa makadirio ya 2018, ambamo mikondo inayozunguka hukusanya taka. Ukipita na boti unaweza usione ila maji matupu. Kokota wavu wa matundu madogo, utaibuka na vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Kwangu hili linatisha zaidi: kisiwa kingezolewa, lakini chembe hizi samaki huzimeza pamoja na chakula. Kwa uzito, karibu nusu ya taka ni nyavu za uvuvi, nazo huendelea kunasa kasa na sili hata baada ya kutelekezwa.