Mwarobaini hautibu malaria jamani

Wiki hii peke yake watu wanne wamenijia dirishani hapa duka la dawa na homa, nawauliza mmepima, wananijibu "hapana dokta, nishakunywa mwarobaini". Wa mwisho alikuwa mama na mtoto wa miaka mitatu mgongoni, mtoto kalegea, macho yameingia ndani, siku ya tatu hiyo ananyweshwa maji ya majani asubuhi na jioni. Sikumuuzia kitu, nikamwitia bodaboda mwenyewe aende hospitali saa ileile.

Shida ni ule uchungu. Bibi zetu walimeza kwinini, kwinini chungu na malaria ilipona kweli, basi kila kichungu kikawa dawa ya malaria. Uchungu hauui vimelea. Maabara wamepata kwenye mwarobaini kitu kinaitwa gedunini kinachoua vimelea kwenye kichupa, hilo sibishi, ila kichupa siyo damu ya mtu, na hakuna aliyethibitisha kwamba chai ya majani inamponya mgonjwa wa malaria. Halafu ulichemsha kiasi gani, konzi moja au mbili, majani machanga au makavu? Hiyo siyo dozi. Na homa ya malaria inapanda na kushuka yenyewe, ikishuka jioni unasema dawa imefanya kazi kumbe vimelea vinazaliana tu, na mtoto mdogo anaweza kuzidiwa ndani ya siku moja. Pima kwanza! Kipimo cha kidole majibu ni dakika 15 mpaka 20, ukikutwa nayo unameza mseto, vidonge vya malaria, siku tatu na unamaliza.

Wengine wananiambia mbona Wahindi wanautumia tangu zamani. Ndiyo, mti wenyewe uliletwa pwani yetu kutoka kwao, kwenye Ayurveda, tiba yao ya asili, unaitwa nimba, wanautumia kwa ngozi, minyoo, meno. Lakini mtu wa India akiumwa malaria leo anapimwa na kupewa vidonge kama sisi. Na hayo magonjwa arobaini wanayosema mwarobaini unatibu ni jina la mti, siyo orodha ya hospitali.

Eti cha asili hakina madhara: mafuta ya mbegu zake usimpe mtoto hata kijiko kimoja. Mwaka 1981 madaktari Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliopewa mafuta hayo, wakatapika, wakasinzia, wakapata degedege, na wapo waliokufa. Mjamzito naye asinywe mwarobaini kabisa, kwa wanyama umeonekana kuharibu mimba.

Wa kisukari, mwarobaini unaweza kushusha sukari, ndiyo maana ukiunywa juu ya vidonge vyako sukari inaweza kushuka mno ukaanguka. Na usiache vidonge.

Na angalia mti unaochuma, kuna ndugu yake mwenye maua ya zambarau, matunda yake ni sumu.

Mimi mwarobaini naupenda. Majani makavu natia kwenye gunia la maharage kwa ajili ya wadudu, na kijiti natafuna tangu mdogo, unakata kinene kama penseli, unatafuna ncha mpaka iwe brashi, unasugua taratibu fizi zisichubuke, halafu kitupe, kesho ukate kingine kibichi.